Uoto kwenye machimbo ya Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima mafanikio

Majibu haya ni kwa wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji na mitaa, vikundi vya kupanda miti, wanafunzi, na yeyote ambaye siku moja ataitwa machimboni, aonyeshwe mteremko wa kijani na kuambiwa, "Tumeshamaliza, tia sahihi hapa." Mifano mingi ni ya ukanda wa chokaa wa Tanga, yaani Pongwe, Maweni na Amboni. Vipimo vyenyewe vimetoka mbali zaidi, kwenye sheria ya Marekani ya machimbo ya makaa ya mawe.

Tanga hatuchimbi makaa ya mawe. Mbona mnatuletea sheria za makaa ya mawe?

Kwa sababu huko ndiko swali hili limegombaniwa kwa muda mrefu na kwa fedha nyingi. Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia sahihi sheria ya machimbo ya wazi ya makaa ya mawe tarehe 3 Agosti 1977. Tangu hapo kampuni haimaliziwi kurudishiwa dhamana yake, yaani fedha ya kuhakikisha itakarabati ardhi, mpaka uoto upimwe na ufikie kigezo kilichoandikwa. Kampuni, wakaguzi na wenye ardhi wamevutana weee, na mvutano huo umeacha vipimo ambavyo mtu yeyote mwenye utepe na kalamu anaweza kuvitumia.

Makaa ya mawe ya Tanzania yako Ngaka huko Mbinga, yako Kiwira, yako Mchuchuma wilayani Ludewa. Sisi tuna chokaa, kokoto na mchanga. Lakini kazi ni ileile: udongo wa juu umeondolewa, kifusi kimerundikwa, na kuna mtu anayedaiwa kurudisha kitu kinachoota. Tofauti kubwa iko kwenye kemia ya udongo, nayo ina swali lake huko chini.

Uoto "umefaulu" maana yake nini hasa?

Inategemea ardhi itatumika kwa nini baadaye, na hilo liamuliwe kabla mche wa kwanza haujaingia shimoni. Kama ni malisho, tunapima kifuniko cha ardhi (sehemu ya ardhi iliyofunikwa na mimea na majani yake makavu) na uzito wa majani. Kama ni msitu, tunahesabu miti kwa hekta na kuangalia kifuniko. Kama ni shamba la mahindi au muhogo, kipimo ni mavuno, siyo rangi. Nimeona mipango inayosema tu "eneo litapandwa miti". Mpango wa namna hiyo haushindwi kamwe, maana hakuna ulichoahidi.

Zaidi ya hapo uoto uwe wa kudumu, uwe wa aina mbalimbali, uzuie udongo usichukuliwe na mvua, na uweze kujizalisha wenyewe. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Eneo linalosimama kwa sababu kuna boza la maji kila Jumanne bado ni bustani.

Masika moja tu, eneo lote kijani. Si limefaulu?

Bado. Magugu ya msimu mmoja ni kama wale wa msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Yanaota upesi kwenye kifusi kilichotifuliwa, yanakauka kiangazi, na vuli ikija unaweza kukuta udongo mtupu. Kanuni za Marekani zinakataa kabisa kutumia kipimo cha mwaka wa kwanza wa kipindi cha uangalizi, yaani miaka ya kungoja kabla dhamana haijamalizika kurudishwa. Kwa malisho na mashamba katika maeneo yenye mvua ya kutosha, kigezo kifikiwe katika miaka miwili tofauti baada ya huo wa kwanza.

Kipindi cha uangalizi ni miaka mingapi, na kinaanza lini?

Kwa kanuni hizo, sehemu inayopata zaidi ya inchi 26 za mvua kwa mwaka, yaani milimita 660 hivi, hungoja miaka mitano kamili. Isiyofikia hapo hungoja kumi. Tanga mjini hupata zaidi ya milimita 1,000, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tungekuwa upande wa miaka mitano. Mimi ningeongeza tahadhari: mvua yetu ni nyingi lakini mwamba wa chokaa hauishiki. Inapita kwenye nyufa, na mche wa Februari unaishi kama uko Dodoma.

Kuhusu kuanza: miaka haihesabiwi tangu siku ya kupanda, bali tangu mwaka wa mwisho wa kusaidia, yaani kupanda upya mbegu, kutia mbolea au kumwagilia ili kuinua uoto. Ukirudia kupanda sehemu kubwa mwaka wa nne, umerudi mwanzo. Kazi za kawaida ambazo mkulima yeyote wa eneo hilo hufanya kwenye ardhi isiyochimbwa, kama kupogolea au kudhibiti wadudu, zinaruhusiwa ikiwa zimeidhinishwa mapema. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inamfanya mwenye mgodi apende kupanda vizuri mara moja kuliko kutia viraka kila mwaka.

Tulinganishe na nini? Msitu wa zamani haupo tena.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na wengine huteleza makusudi.

Njia ya kwanza ni eneo la kulinganishia: kipande cha ardhi isiyochimbwa, jirani, chenye udongo, mteremko na matumizi yanayofanana na yale yaliyokusudiwa. Unakipima siku zilezile na kwa njia zilezile. Faida yake ni kwamba mwaka wa ukame unaviathiri vyote viwili, hivyo mgodi hauonewi wala haupendelewi. Njia ya pili ni namba iliyowekwa mapema, mfano asilimia 70 ya kifuniko au miti 1,000 kwa hekta. Ni rahisi kuitumia, ila haijui kama mwaka huu mvua zilikata.

Ujanja hufanyika kwenye kuchagua. Ukichagua shamba la mkonge lililoachwa, limechomwa moto mara kwa mara na kulishwa mbuzi mwaka mzima, mgodi wowote utalishinda. Ukichagua kichaka kizuri cha bondeni karibu na Mto Zigi, hakuna mteremko wa machimbo utakaokifikia hata baada ya miaka hamsini. Kwa hiyo eneo hilo lichaguliwe pamoja, wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, liwekewe mipaka kwenye ramani, na kijiji kiwe na nakala. Wala lisiwe eneo la mizimu au makaburi ya wazee. Watu watakukataza kuingia na utepe wako, na watakuwa na haki.

Kifuniko cha ardhi kinapimwaje bila kukisia kwa macho?

Tandika utepe wa mita 50. Kila baada ya nusu mita shusha waya mwembamba wima, uandike ulichogusa: nyasi, jani pana, kichaka, majani makavu, jiwe, udongo mtupu. Utepe mmoja unakupa nukta 100, kwa hiyo kila mguso ni asilimia moja. Andika na jina la mmea, kwa Kiswahili, Kisambaa au Kidigo, mradi mwenzako atajua ni upi.

Pa kuanzia utepe pachaguliwe kwa kura. Chora miraba kwenye ramani, ipe namba, ziandike kwenye vikaratasi, mtoto azichote. Ukiachiwa uchague mwenyewe utaelekea penye kivuli. Miguu ya mtu ndivyo ilivyo.

Majani makavu yanahesabiwa kuwa kifuniko, lakini yale tu yaliyodondoka kutoka kwa mimea ya hapohapo. Makumbi ya nazi au mabaki ya mkonge yaliyoletwa kwa lori yanafaa sana kulinda udongo, ila hayaingii kwenye hesabu. Usipolisema hilo mapema, kuna atakayemwaga lori tatu za makumbi wiki moja kabla ya ukaguzi.

Kwa uzito wa malisho, tumia kiunzi cha mraba wa nusu mita kwa nusu mita. Kata majani yote yaliyomo, yakaushe mpaka uzito usibadilike tena, upime. Kila gramu moja ni sawa na kilo 40 kwa hekta.

Na miti?

Chukua kamba ya mita 5.64, ifunge kwenye kigingi, uzunguke. Umepata duara la mita za mraba 100, na kila mti uliomo ni sawa na miti 100 kwa hekta. Hesabu iliyo hai na yenye afya tu. Fimbo kavu yenye kibao cha mfadhili si mti.

Umri nao una kanuni. Huko Marekani, asilimia 80 ya miti na vichaka vinavyohesabiwa iwe imekaa ardhini kwa asilimia 60 ya kipindi cha uangalizi. Kwa kipindi cha miaka mitano, hiyo ni miaka mitatu. Na hakuna mti unaohesabiwa kama haujapita misimu miwili ya ukuaji. Wanaopanda miche Aprili kwa ajili ya ukaguzi wa Juni wanajulikana duniani kote.

Kigezo cha Marekani kinasema asilimia 90 kwa uhakika wa asilimia 90. Ndiyo nini?

Ni vitu viwili tofauti. Asilimia 90 ya kwanza ni unafuu: eneo lililokarabatiwa linakubaliwa likifikia angalau sehemu tisa kati ya kumi za kigezo. Tuseme eneo la kulinganishia lina kifuniko cha asilimia 80. Machimbo yanatakiwa yawe na 72.

Ya pili inahusu shaka. Hukupima kila sentimita ya ardhi, umepima tepe 20 tu, na tepe nyingine 20 zingekupa wastani tofauti kidogo. Tuseme wastani wako ni 74, na tepe zinatofautiana kwa mchepuko wastani (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa 10. Gawanya 10 kwa kipeuo cha pili cha 20, unapata 2.24. Zidisha kwa 1.33, namba inayotoka kwenye jedwali la takwimu kwa sampuli 20, unapata karibu 3. Huo ndio upana wa shaka yako.

Sasa shaka hiyo abebe nani? Ukianza kwa kudhani kwamba machimbo yamefaulu mpaka ithibitishwe vinginevyo, yatafeli tu wastani ukishuka chini ya 69. Hapo hata machimbo yenye wastani wa 70 yanapita. Ukianza kwa kudhani hayajafaulu, ni lazima wastani uvuke 75, na hii 74 yetu inafeli. Ardhi moja, namba zilezile, hukumu mbili.

Njia ya kwanza ina kasoro ambayo haisemwi mara nyingi: kadiri unavyopima kidogo na ovyo, shaka inapanuka na kufaulu kunakuwa rahisi. Ndiyo maana anayeitumia lazima aweke idadi ya chini ya sampuli. Kwa mazingira yetu, ambako kijiji hakina fedha za kuajiri mpimaji wa pili, mimi nasimama na njia ya pili. Anayetaka dhamana yake ndiye aongeze tepe.

Lukina imejaa kila mahali. Ihesabiwe?

Lukina, ule mti wa kigeni uitwao Leucaena kitaalamu, inaota kwenye chokaa, inarutubisha udongo, mbuzi wanaipenda, na kuni zake zinawaka. Ndiyo maana ilipandwa sana. Pia inamwaga mbegu nyingi kupita kiasi, inafunga kichaka kizito ambacho chini yake miche mingine haipati mwanga, na ikishatawala kuing'oa ni adhabu. Mwarobaini nao umeenea vichakani mwa pwani yetu bila kupandwa na mtu.

Maoni yangu: ihesabiwe kwenye kifuniko, kwa sababu kweli inazuia mmomonyoko, lakini iwekewe kikomo. Andikeni kwenye mpango kwamba aina moja isizidi sehemu fulani ya kifuniko chote, na kwamba miche ya asili, kama mkwaju, mbambakofi na mkoche, ionekane ikiota yenyewe bila kupandwa. Bila kikomo, mtu atamwaga gunia la mbegu za lukina na kukuletea asilimia 95. Kipimo kitapita. Msitu hautarudi.

Kwa nini miti inadumaa wakati nyasi zinastawi?

Chimba shimo kabla ya kulaumu miche. Mara nyingi utakuta sentimita ishirini za udongo, kisha tabaka gumu lililoshindiliwa na katapila.

Jambo hili lina historia. Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, baada ya sheria ya 1977 mkazo ulikuwa mteremko usiporomoke na ardhi ifunikwe upesi. Kampuni zikatii. Kifusi kikashindiliwa, zikamwagwa mbegu za nyasi zenye nguvu, kifuniko kikafika, dhamana zikarudi. Miti haikuwa na pa kupitisha mizizi, na nyasi zikainyang'anya maji na mwanga. Maeneo makubwa yaliyokuwa misitu yakabaki majani. Kuanzia mwaka 2004 wasimamizi na watafiti wa huko wakaanza kuhimiza kinyume chake: tabaka la juu la mita 1.2 hivi liachwe bila kushindiliwa, na nyasi ziwe zile zisizoshindana na miche. Yaani walipata kile walichokipima. Kwa hiyo kama mnataka msitu, msikubali kipimo cha kifuniko peke yake.

Kuhusu kemia: kifusi cha makaa ya mawe mara nyingi kina madini ya salfa na chuma ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na huko huletwa chokaa kuituliza. Sisi chokaa ndicho kifusi chenyewe. Udongo unaelemea upande wa alkali, fosforasi inafungwa, chuma hakipatikani kwa mizizi, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiona rangi hiyo usikimbilie kumwagilia. Mboji inasaidia, na udongo wa juu uliohifadhiwa tangu mwanzo unasaidia zaidi. Ulizeni ulirundikwa wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba uliuzwa.

Kuna mfano wa karibu uliofanikiwa?

Uko. Ukivuka Horohoro ukafika Mombasa, nenda Bamburi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo yalikuwa mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu: mvinje, mnazi, na mti wa jamii ya Conocarpus wenye asili ya Somalia. Mvinje ulikuwa na silaha yake, bakteria wa mizizini wanaonasa nitrojeni ya hewani. Lakini sindano zake zilidondoka na kulala tu bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakazila, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Leo pale panaitwa Haller Park, na watu hulipa kiingilio kuona twiga na viboko ndani ya shimo la zamani.

Kwa anayepima, somo lake ni kwamba miaka ya mwanzo eneo lile lingefeli kipimo chochote cha aina mbalimbali, maana lilikuwa mvinje karibu mtupu. Bali dalili za kwenda mbele zilikuwepo chini ya miti: takataka za majani zinaoza, tabaka jeusi linanenepa, mimea isiyopandwa na mtu inaingia. Ndiyo maana mimi huomba vipimo vya mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano viwekwe pamoja, siyo cha mwisho peke yake.

Tupime mwezi gani?

Mwishoni mwa masika, Juni hivi, kabla kusi haijakausha majani. Kila mwaka uwe wakati uleule. Kwa miti, rudini tena Februari. Huo ndio mwezi unaosema ukweli.

Mbuzi wakiingia kabla ya kupima?

Andikeni, pigeni picha, pimeni hata hivyo. Kama ardhi itakuwa malisho, kuna siku wanapaswa kuingia, na ni vizuri kujua uoto unastahimili vipi.

Satelaiti haziwezi kutumalizia kazi?

Zinasaidia. Picha za Sentinel-2 ni za bure, kila kipande ni mita 10 kwa 10, na zipo tangu 2015, hivyo unaweza kuona machimbo yalivyobadilika mwaka hadi mwaka na wapi pamebaki peupe. Lakini kipimo cha ukijani hakitofautishi lukina na mkwaju, na kichaka kikishakuwa kizito namba haipandi tena. Mawingu ya masika nayo yana mambo yake. Droni inaona zaidi, ila iombewe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza. Tumieni picha kuchagua pa kutembea, kisha mtembee.

Nani mwenye uamuzi wa mwisho hapa Tanzania?

Tume ya Madini upande wa leseni na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, upande wa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Madini ya 2010 pamoja na kanuni zake, ambazo zinazungumzia mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati. Kijiji hakitoi cheti. Kinachoweza kufanya ni kuwa na takwimu zake mezani siku ya kikao. Marekani dhamana hurudi kwa awamu: hadi asilimia 60 baada ya kujaza na kusawazisha ardhi, nyingine uoto ukishashika, na iliyobaki baada ya kipindi chote. Mkipata nafasi ya kutoa maoni, ombeni mpangilio wa aina hiyo.

Kuta za mwamba na bwawa la shimoni vinaingia kwenye hesabu?

Vitengwe kwenye ramani tangu mwanzo, vipimwe kivyake. Ukuta wima hauoti nyasi, na kuuweka kwenye wastani ni kuuharibu. Bwawa linaweza kuwa la samaki likiwa na kingo za kushukia salama. Likiachwa ovyo ni la mbu, na watoto huzama.

Kikundi chetu hakina maabara wala fedha. Cha chini kabisa ni nini?

Utepe wa mita 50, waya, kamba ya mita 5.64, kiunzi cha mbao, mizani ya dukani inayosoma gramu, na simu. Wekeni nguzo nne za zege, pigeni picha kutoka juu yake kila Juni, upande uleule. Fomu zijazwe palepale kwa kalamu, zisainiwe na mtu wa mgodi na mtu wa kijiji siku hiyohiyo, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Msikubali fomu "zisafishwe" ofisini kwanza. Zenye tope ndizo zinazoaminika kwenye kikao.